Kumuuliza mhadhiri kuhusu mtihani ukiwa umemzidi umri

Katika madarasa ya likizo hapa Kisumu, ambayo hujaa walimu tuliorudi chuoni kutafuta shahada shule zinapofungwa mwezi Aprili, Agosti na Desemba, si ajabu mhadhiri kuwa rika la kifungua mimba wa mwanafunzi wake. Msimu wa mitihani ukifika, hali hiyo huleta utata: karatasi ikiwa na kasoro, mtu mzima ataisemaje bila kuonekana anamkaripia mtoto?

Ndani ya chumba cha mtihani umri hauna kazi. Ukiona swali halina takwimu linazozirejelea, unainua mkono na kumwonyesha msimamizi, ili amwite mtunzi na darasa zima litangaziwe sahihisho kwa wakati mmoja. Mtunzi asipopatikana, andika katika kijitabu cha majibu namna ulivyolielewa swali, kisha uendelee.

Ugumu huja baadaye, hasa pale vijana wanapomzunguka mzee wa darasa na kumwambia, "Mama, wewe atakusikiliza." Mimi ujumbe huo huukataa. Darasa lina kiongozi wake aliyechaguliwa, na mara nyingi kinachotafutwa kwangu si hoja bali mvi, ili mhadhiri aone haya kunikatalia. Kumtumia mtu heshima aliyolelewa nayo kama fimbo ya kumchapia ni utovu wa adabu, hata kama mchapaji ndiye mkubwa.

Nikiwa na swali langu mwenyewe, humwomba mhadhiri miadi ofisini, simsimamishi kwenye ukumbi mbele ya wanafunzi wengine. Humwita Daktari, naye huniita mwalimu, na hapo tunakuwa tumelingana vya kutosha. Huenda na muhtasari wa kozi aliotupa mwanzoni mwa muhula, nikamwonyesha mada iliyotahiniwa na kumwuliza ilifundishwa katika kipindi kipi. Sisemi kwamba mtihani ulikuwa mgumu. Ugumu si kosa. Lakini pale ambapo mtihani wa mwisho hubeba alama 70 kati ya 100, kama ilivyo katika vyuo vyetu vingi, swali moja lililo nje ya muhtasari ni jambo la kuulizwa, na ni vyema liulizwe kabla matokeo hayajatoka, ili lisidhaniwe kuwa ni kilio cha aliyeanguka.

Jibu lisiporidhisha, barua huenda kwa mwenyekiti wa idara, kisha kwa mkuu wa kitivo, na nakala apewe mhadhiri mwenyewe, asije akasikia habari zake kwa watu. Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa katika maamuzi ya kiutawala, ila sioni haja ya kukinukuu katika barua ya kwanza. Kikiingia mapema mno, mazungumzo hugeuka kesi, na mhadhiri ambaye angekubali kuliangalia swali upya huanza kujitetea.