Kazi huanza mfuko ukishapokelewa

Kila mwaka, kuanzia mwisho wa Mei hadi siku za mwanzo za Julai, mitaa ya Hyde Park na Headingley mjini Leeds, Uingereza, ambako wanafunzi wengi wa vyuo vikuu hupanga nyumba, hujaa vitu vilivyotolewa nje: masufuria, mabirika ya umeme, viango, meza za kusomea na mifuko ya nguo ambazo nyingine hazijavaliwa hata mara moja. Mikataba mingi ya pango humalizika kwa pamoja, na mwanafunzi anayerudi Nairobi au Shanghai kwa ndege hana namna ya kubeba jiko la kupikia wali. Nilisoma katika mji huo na kujitolea kukusanya vitu hivyo kwa ajili ya mashirika ya hisani, na tangu wakati huo naamini kwamba mpango wa aina hii upimwe kwa kazi inayofanyika baada ya mfuko kupokelewa, wala si kwa wingi wa mifuko.

Mpango unaofahamika sana nchini Uingereza ni ule wa British Heart Foundation, shirika la hisani lililoanzishwa mwaka 1961 ili kugharimia utafiti wa magonjwa ya moyo. Kupitia kampeni yake ya Pack for Good, makasha huwekwa mabwenini, wanafunzi huacha humo nguo, vitabu, vyombo na vifaa vidogo vya umeme, kisha vitu hivyo huuzwa katika mamia ya maduka ya shirika. Leeds ina pia Emmaus, jumuiya iliyotokana na vuguvugu lililoanzia Ufaransa mwaka 1949, ambamo watu waliowahi kukosa makazi huishi pamoja na kujipatia riziki kwa kutengeneza na kuuza samani zilizotumika. Kabati lililoachwa na mwanafunzi likifika huko humpa mtu kazi ya mikono yake, na kwangu hilo lina uzito kuliko bei litakayouzwa.

Kuchambua ndiko kugumu. Maduka mengi ya hisani hayapokei mito iliyokwisha kulaliwa, na kifaa cha umeme ni lazima kipimwe usalama kabla ya kuuzwa. Sofa ina sharti lake: kanuni za mwaka 1988 zinataka samani zenye sponji ziwe na lebo ya kudumu inayothibitisha kwamba zinastahimili moto, kwa kuwa sponji za zamani zilikuwa zikiwaka haraka na kutoa moshi wenye sumu. Nimewaona wenzangu wakiinua matakia moja baada ya jingine, wakipapasa chini ya kitambaa, na kukuta lebo imekatwa kwa mkasi kwa sababu tu ilikuwa ikimkera aliyeikalia. Sofa nzima, isiyo na doa, huishia kwenye lori la taka, na gharama ya kuitupa hulielemea shirika lililotarajiwa kusaidiwa.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wengi hawaelezwi. Serikali ya Uingereza huliongezea shirika la hisani peni 25 kwa kila pauni 1 inayotolewa na mlipa kodi, na utaratibu huo hutumika pia kwa mauzo ya vitu alivyovikabidhi dukani. Mwanafunzi asiye na kipato hana kodi aliyolipa, kwa hiyo koti lake huliingizia shirika fedha pungufu kuliko koti kama hilo la mhadhiri wake. Ndiyo maana nasema wahadhiri na watumishi wa chuo nao waletewe makasha ofisini kwao.

Chakula ambacho hakijafunguliwa hupelekwa kwenye benki za chakula, yaani vituo vinavyowagawia wahitaji chakula bure, na huko nilijifunza kitu. Wanafunzi wa Afrika Mashariki walikuwa wakiacha pakiti za unga wa mahindi ambazo waliojitolea hawakujua wazifanye nini, mpaka tulipoandika namna ya kusonga ugali kwenye karatasi na kuibandika kwenye kila pakiti.

Nguo zisizouzika madukani huuzwa kwa uzito kwa wafanyabiashara wanaozisafirisha nje, na baadhi hufika soko la Gikomba mjini Nairobi au la Owino mjini Kampala zikiwa ndani ya marobota. Siidharau mitumba, maana imewavisha wengi na kuwalisha wengi. Hata hivyo, fulana iliyochakaa inayofunguliwa Gikomba ni taka iliyohamishwa tu, na mchambuzi wa Leeds ndiye mwenye nafasi ya kwanza ya kuizuia.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Marekani. Katika Chuo Kikuu cha New Hampshire, mjini Durham, wanafunzi walianzisha mwaka 2011 mpango uitwao Trash 2 Treasure: walikusanya vitu wenzao walipohama mwezi wa Mei, wakavihifadhi majira yote ya joto, wakawauzia wanafunzi waliofika muhula mpya, na mapato yakagharimia ukusanyaji wa mwaka uliofuata. Kutokana na uzoefu huo ulizaliwa mwaka 2013 mtandao wa Post-Landfill Action Network, unaosaidia vyuo vingine kufanya vivyo hivyo. Siri yao ni ghala. Birika linaloonekana takataka mwezi wa Mei hugombewa mwezi wa Septemba, ila chuo kikikosa pa kuliweka kwa miezi hiyo, shirika la hisani hulazimika kupokea kila kitu katika wiki moja ambayo maduka yake tayari yamefurika. Chuo kinachotangaza mpango wake kwa mabango na kushindwa kutoa chumba kimoja chenye kufuli kimeacha sehemu ya gharama yake ibebwe na hisani.