Wanasiasa tunao mlangoni, majibu hatuna

Mbukwenyi wandugu. Kila uchaguzi ukikaribia nakutana na lawama ileile: vijana wa siku hizi siasa hawaitaki, wao ni mpira na umbea tu. Mimi niliyekulia Chang'ombe, Dodoma, naona lawama hiyo inamwangukia asiyehusika.

Sisi watoto wa Dodoma siasa tuliijua mapema, ila tuliijua kama biashara. Kikao cha bajeti kikianza Aprili, gesti zinajaa, bei ya chumba inapanda, mama lishe anaongeza sufuria. Mkutano mkuu wa CCM ukija, zinakuja kofia na kanga. Bungeni penyewe tulipelekwa na shule. Tulikaa jukwaa la wageni, tukatambulishwa, tukasimama, wabunge wakagonga meza, tukaketi. Basi.

Viranja nao "tuliwachagua" wenyewe. Majina yalichujwa kwanza na walimu, kisha kura zikahesabiwa ofisini mlango ukiwa umefungwa. Mwaka mmoja aliyeshangiliwa na shule nzima hakutangazwa, na hakuna aliyefungua mdomo kuuliza. Mada ya demokrasia katika somo la Uraia tuliifaulu vizuri sana.

Sasa nipo Trondheim, Norway, nahudumia wazee. Huku, kabla ya uchaguzi, wanafunzi wa sekondari ya juu wanapiga kura yao, wanaiita skolevalg. Vijana wa vyama wanakuja shuleni kujibizana, nao wanafunzi wanawabana kwa maswali mpaka jasho linawatoka. Kura ile haimpi mtu kiti hata kimoja. Ila jioni ya matokeo, wazee wangu wananiomba niwawashie televisheni wasikie watoto wameamua nini, na chama kilichoanguka lazima kijieleze. Mwaka 2011 walijaribu kuwapa wenye miaka 16 kura halisi katika manispaa 20, na vijana hao wakajitokeza kuliko waliowazidi umri kidogo. Hainishangazi. Wa miaka 16 bado analala kwa wazazi, bado yupo darasani, anasikia watu wakibishana wakati wa chakula. Wa miaka 20 amehamia mji asikomjua mtu. (Na wapo vijana huku wasiojua hata jina la waziri wao mkuu, tusije tukadanganyana.)

Mwaka 2023 nilipiga kura ya manispaa hapa nikiwa na pasipoti yangu ya Tanzania, maana mgeni aliyekaa kihalali miaka mitatu anaruhusiwa. Kwetu, aliye nje ya nchi hana pa kupigia. Nilipomsimulia binti wa kaka yangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, alicheka: "Shangazi, yaani huko unamchagua wa kuzoa theluji, huku hata diwani wetu humchagui?"

Huyo ndiye anayeambiwa hajali. Alikwenda mkutano wa mtaa akauliza hela ya taka inayokusanywa kila mwezi inakwenda wapi. Akajibiwa, "Binti, umetumwa na nani?" Hajarudi tena. Anayetaka kujua kwa nini vijana hawaji mikutanoni aanzie kwenye jibu hilo, aache mpira na umbea.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, vijana waliingia barabarani katika miji kadhaa. Watu waliuawa, intaneti ikazimwa, nami huku nikabaki nimeshika simu isiyonisaidia kitu. Kaka alipopatikana alisema wote ni wazima, amewafungia watoto ndani na kuwakataza kugusa habari hizo hata kwenye magrupu. Namwelewa, ningekuwa mimi ningefunga na dirisha. Lakini hilo nalo ni somo la uraia, na limewaingia kuliko lolote walilowahi kufundishwa darasani.

Wiki iliyopita binti kaniandikia. Anagombea u-CR, yaani uwakilishi wa darasa, maana ratiba ya majaribio inagongana na CR aliyepo anaogopa kuwafuata wahadhiri. "Shikamoo shangazi. Hii siyo siasa, ila baba usimwambie. Nitumie hela ya bando nianze kuomba kura."

Nimetuma.