Zedi imeenda Iringa

Kuna watu wananiuliza mbona siku hizi napanda bodaboda, jibu ndo hili, Zedi nimeuza. Ndiyo, ile Datsun 240Z ya njano.

Kwa wasioijua, hii gari ina silinda sita zimepangwa mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili za kuchanganya hewa na petroli, na ndiyo iliyochukua Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, halafu 1973 ikachukua tena na Shekhar Mehta, enzi hizo mashindano bado yanaitwa East African Safari na magari yanakatiza mpaka huku kwetu Tanzania. Ndo maana nikipita Area C hapa Dodoma wazee walikuwa wanasimama kabisa, vijana wao wanauliza inakula mafuta kiasi gani (inakula, nisiwadanganye).

Niliikuta Kondoa nyuma ya ghala, kuku wanataga ndani. Kilichoiokoa ni hili joto kavu ambalo watu wa Dar wakija kikazi hawaishi kulilalamikia, maana Zedi inaliwa na kutu vibaya mno, sakafu, chini ya betri, sehemu za matairi, ingekaa Tanga na ile chumvi ya bahari ningeokota usukani tu. Tukachomelea vipande vichache, bodi ikanyooshwa, injini ikafunguliwa yote, rangi tukapuliza usiku upepo ukishatulia, wa Dodoma mnajua vumbi letu la mchana.

Kabureta ndo zilitutoa jasho. Ya mbele inalisha silinda tatu, ya nyuma tatu, na zote zinatakiwa zivute hewa sawasawa, moja ikizidi mwenzake gari inatetemeka ikiwa imesimama inaunguruma. Fundi wangu hana mashine ya kupimia, anachukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni nyingine kwenye mdomo wa kabureta, anasikiliza ule mvumo, anakaza skrubu kidogo, anahamia ya pili, anarudi. Ukimsemesha anakufukuza.

Sasa wanunuzi. Wa kwanza kaka mmoja wa Dar, hela anayo na hakubishana sana, ila kabla hata hajakaa ndani ananiambia injini ataitoa aweke 2JZ, injini ya Toyota. Aitoe?! Nikamwambia kaka ngoja nijifikirie.

Baadaye akapiga dada mmoja wa Iringa, akaomba siku akija nisiiwashe kabla hajafika. Kaja kwa njia ya Mtera, shikamoo kaka, marahaba, mkono moja kwa moja kwenye boneti kuhakikisha ni ya baridi kweli. Akavuta choki, ikawaka, akaiacha ipate moto, halafu akatoa mpira kwenye pochi. Mpira! Nikamwangalia fundi, fundi akaniangalia.

Msidhani alinionea huruma kwenye bei, alinikamua, na mama watoto mpaka leo akikumbuka ile tofauti ya hela ananuna. Tukaandikishana kwa wakili, umiliki tukabadilisha TRA, na kadi ikasoma jina lake. Boksi la spea nikampa bure, klachi ya akiba na gasketi zote zimo, mimi zingenisaidia nini.

Juzi yule wa Dar kanipigia, anaongeza milioni mbili. Nikamwambia imeshaondoka. Akauliza imeenda wapi, nikamwambia mtandao unasumbua.