Siku moja maishani mwangu: kuwafuata samaki Matema

Saa nane na nusu usiku simu inalia chini ya mto, naiwahi kabla haijamwamsha mwanangu wa mwisho. Kabla hata sijanawa uso nafungua friji na kutoa chupa za maji za lita moja na nusu ambazo zimekuwa zikiganda humo tangu Jumatano. Ziko kumi na nane. Nazipanga kwenye madeli yangu mawili, nafunika kwa gunia lililolowekwa, nafunga vifuniko kwa mpira wa baiskeli. Hela naweza kukopa kwenye kikoba. Barafu usiku wa manane, Tukuyu nzima imelala, nani atakukopesha?

Naandika haya kwa sababu kila nikirudi kuna mtu ataniambia, "Wewe mama unafaidi, kila wiki uko ufukweni unakula upepo." Ufukweni kweli nipo. Huu ni mwaka wa tisa nashuka Matema, wilayani Kyela kando ya Ziwa Nyasa, mara mbili kwa wiki kununua samaki wa kuuza Tukuyu, na sijawahi kuogelea kwenye lile ziwa hata siku moja. Watu wanaijua Matema ya picha: mchanga mweupe, maembe, nyumba za wageni zilizoezekwa nyasi. Mimi naijua ya saa kumi na moja alfajiri, ukisimama kwenye maji ya magotini na ndoo mkononi.

Saa tisa Noah inapiga honi. Tuko wanawake wanne tunaochangia gari: wawili wa Tukuyu, mmoja wa Kiwira, na mmoja wa Uyole ambaye mzigo wake unaenda mpaka soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini. Tunashuka tukiwa tumejifunika vitenge mpaka masikioni. Migomba na chai vinabaki nyuma, inaanza mikokoa na mashamba ya mpunga, na joto linaingia dirishani taratibu. Tukifika Kikusya nimeshavua sweta. Ipinda nabaki na blauzi tu. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, Tukuyu iko yapata mita 1,500. Huo mteremko ndio biashara yangu yote. Watu wa juu wana hamu ya samaki wabichi kwa sababu hawako nao, na samaki wenyewe wanaianza safari kwenye joto la bondeni, ambalo halimsubiri mtu.

Afadhali sasa kutoka Kikusya mpaka Matema ni lami. Miaka ile ya vumbi na tope, masika tulikuwa tunashuka kusukuma gari katikati ya majaruba, na kuna siku nilimwaga deli zima pale Ipinda kwa sababu harufu ilikuwa imeshabadilika. Sitaisahau ile siku.

Saa kumi na moja na kitu tuko Lyulilo, kijiji cha wavuvi kilicho mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwenye nyumba za wageni. Bado giza. Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja mpaka kwenye maji upande wa mashariki, kwa hiyo jua hapa huchelewa kukufikia. Kwenye maji zinaonekana taa za wavuvi, nyingine mbali kabisa, zinarudi moja moja. Ilikuwa giza la mwezi, na giza ndilo msimu wa dagaa wa Nyasa, tunaowaita usipa. Mvuvi anawasha taa, wadudu na usipa wanaifuata, wavu unapita chini yao. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa ya mvuvi haina nguvu tena na wewe mchuuzi unarudi na ndoo tupu. Ndiyo maana mimi kalenda ya mwezi naijua kuliko ya ukutani.

"Ugonile, mama wa Tukuyu!" mvuvi mmoja akanisalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga, tata. Mmeamkaje na maji?"

"Maji yametulia. Leo utapata."

Nikapata. Ndoo tatu za usipa wanaong'aa kama vijiko vipya, kisha nikahamia kwa wenye nyavu za mbasa, samaki wakubwa wa ziwa hili. Hapa ndipo watu wanadhani unaokota tu na kulipa. Mbasa namshika kichwa, nafunua shavu, natazama matamvua. Yakiwa mekundu kama damu ya kuku aliyechinjwa sasa hivi, sawa. Yakianza kuwa ya kahawia, huyo alilala kwenye wavu tangu jioni. Jicho liwe limejaa, lisiwe limezama. Namalizia kwa kidole gumba kwenye tumbo: nikibonyeza na kuachia, nyama irudi yenyewe. Shimo likibaki, namrudisha kwa mwenyewe bila maneno mengi. Na kuna watu sinunui kwao hata wakinipunguzia nusu bei, wale wanaotega kwenye midomo ya mito wakati wa mvua, mbasa wanapopanda kutaga. Ukimvua na mayai yake umewavua na wa mwakani. Wenzangu wengine wananiona mgumu kwa hilo. Sawa tu, siwezi kubadilika.

Nililipa, nikalipa na ushuru, risiti nikaifunga kwenye pindo la kitenge. Mbasa kumi na tisa walilala kwenye deli, tumbo juu, chupa za barafu katikati yao. Usipa wakaingia la pili.

Kwa vile ilikuwa Jumamosi, mitumbwi ya kijiji cha Ikombe nayo ilikuwa inatia nanga na vyungu. Akina mama wa Kikisi, wafinyanzi wa huko, wanavishusha vimefungwa kwa nyasi, kimoja kimoja, kama wanapokezana watoto wachanga. Wao wanakuja kwa maji au kwa njia ya miguu pembeni mwa mlima. Wakati mwingine nikichoka nawatazama wale, nanyamaza. Chungu changu cha kupikia mbasa nilinunua kwao mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii na hakijapata ufa mpaka leo.

Saa mbili asubuhi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo namsubiri dereva, akaja mgeni kutoka upande wa nyumba za wageni. Baba wa makamo, bukta na kofia, ana binti wa miaka kama saba. Lafudhi ya Dar es Salaam. Binti akasema shikamoo. Baba akafungua deli.

Hakuniuliza. Alishika mpira akauvuta, akainua kifuniko, akainama kutazama. Nikaona ule moshi mweupe wa ubaridi unatoka, unashuka pembeni mwa deli, unapotea kwenye mchanga. Kwa mtu mwingine huo ni moshi tu. Kwangu ni barafu niliyoilipia umeme siku tatu.

"Kaka, naomba ufunike kwanza, nitakuonyesha mwenyewe."

"Naangalia tu, mama. Huyu shilingi ngapi?"

Alikuwa ameshika mbasa mkubwa kuliko wote, mwenye kilo zaidi ya mbili. Nikamwambia huyo ana mwenyewe, kuna familia ina ugeni wa wakwe jioni, walishatoa na kishanzu, hela ya kumshikilia. Nikamchagulia mwingine, nikamwambia elfu kumi na tano.

"Elfu kumi na tano? Samaki ametoka hapo?" Akanyoosha mkono kwenye ziwa, kama vile ningeweza kuwa nimesahau lilipo.

Nikafunika. Akafunua. Akapiga simu ya video kwa mkewe aliyebaki chumbani, akamwinua mbasa mmoja, akamgeuza kwenye jua, akamrudisha juu ya wenzake badala ya kwenye barafu. Mke akataka kuona mwingine. Kifuniko wazi. Nikamwomba tena, kwa adabu, maana ni mteja na ni mgeni wa kwetu. Akasema anakwenda kwenye mitumbwi kuulizia bei halisi, nikamwambia nenda kaka, ni haki yako. Nikafunga mpira. Baada ya dakika kumi akarudi, wavuvi walikuwa wameshauza wote, akauvuta mpira mara ya tatu.

"Ninyi walanguzi ndio mnapandisha bei. Mnawahi alfajiri mnazoa wote."

Nimeitwa mengi sokoni, ila hilo lilinichoma, kwa sababu alilisema mbele ya mtoto na mtoto alikuwa ananitazama usoni. Nikasimama. Nikamwambia, kaka yangu, mimi nimeamka saa nane na nusu. Huyu samaki nimemchukua elfu kumi na moja kwa mvuvi aliyekaa majini usiku kucha, na hela hiyo ni halali yake. Nimelipa ushuru, nalipa gari kwenda na kurudi, nalipa umeme wa kugandisha hizi chupa. Hawa wakiharibika kabla ya Tukuyu, hasara haigawanywi na mtu, ni yangu peke yangu. Ulichokilipia wewe huku ni ufukwe, mimi nimelipia joto lake.

Hakujibu. Yule binti akachuchumaa kwenye deli akauliza, "Mama, mbona chupa zimeganda?" Nikamwambia ashike moja. Akaishika kwa viganja viwili, akacheka, akaikumbatia kifuani. Nikamweleza kwamba samaki akipoa haharibiki haraka, na kila tukifungua ubaridi unakimbia. Akamgeukia baba yake: "Baba, tufunike." Akafunika mwenyewe, na mpira akaufunga.

Baba akatoa elfu kumi na tano, akachukua mmoja, wakaondoka kwa njia ya mchangani. Asante ilitoka kwa mtoto. Nilipotazama ndani, chupa nne za juu zilikuwa zinacheza maji.

Wenzangu walikuwa wameshapakia, wananingoja mimi. Tuliondoka saa nne, tumechelewa saa nzima.

Na joto la saa nne Kyela wanalijua wa Kyela. Tulipoanza kupanda, gari lina watu watano na mzigo, injini ikaanza kuhema. Kwenye kona za mlima, Tukuyu bado iko juu huko, mshale wa joto ukagonga mwisho na dereva akasimama pembeni. Rejeta inachemka. Tukasubiri ipoe, kisha ikabidi ijazwe, na maji yaliyokuwepo karibu ni yale yaliyokuwa kwenye chupa zetu. Tulitazamana wote wanne. Hakuna aliyetaka kuanza kutoa. Nikatoa mimi zile nne zilizoyeyuka. Mama wa Kiwira akatoa mbili, wa Uyole ambaye safari yake ni ndefu kuliko ya kila mtu akatoa moja huku analengwalengwa na machozi. Wakati rejeta inakunywa, tulikata majani ya mgomba tukayafunika madeli, tukakaa upande wa jua ili vivuli vyetu viangukie juu yake. Hivyo ndivyo tulivyokaa, karibu saa nzima, wanawake wanne wanawawekea samaki kivuli.

Sokoni Tukuyu tulifika saa nane kasoro. Usipa wakaondoka haraka, mafungu ya elfu mbili mbili, mama lishe wakachukua ndoo nzima. Mbasa wa wakwe nilimpeleka mwenyewe kwa boda, wakamkagua matamvua, wakaridhika, nikashusha pumzi. Kwa waliobaki yakaanza yale yale: bei kubwa, Matema samaki ni bure, mwaka jana ulituuzia kumi na mbili. Nikajibu kila mmoja, halafu nikawa sijibu tena, nanyoosha tu kidole kwenye mizani.

Miguu ilikuwa imevimba. Baada ya hapo saa sikuitazama. Najua mvua ndogo ilipita, najua nilikula ndizi mbili za kuchoma nimesimama, na najua nuru ilipopungua nilikuwa na mbasa watatu ambao nikibonyeza tumbo shimo lilikuwa linachelewa kurudi. Hao siwezi kumuuzia mtu kama wabichi. Nilikwenda nao nyumbani, nikawapasua, nikawatia chumvi, nikawakaanga usiku huo huo ili kesho watu wakitoka kanisani wawakute. Kaanga ina bei yake ya chini, lakini si hasara yote.

Nilihesabu hela mezani na mwanangu akanishikia tochi, umeme ulikuwa umekatika kidogo. Baada ya mtaji, gari, ushuru na boda, imebaki elfu ishirini na sita. Ada ya muhula inahitaji Jumamosi nyingine kadhaa za namna hii, nazo zitapatikana. Nilinawa mikono kwa limao mara mbili. Harufu huwa haiishi yote, na mimi nimeacha kuionea aibu. Hiyo ndiyo imemfikisha mkubwa wangu kidato cha nne.

Umeme uliporudi nikaanza kujaza chupa. Hujazi mpaka mdomoni, unaacha vidole vitatu, maji yakiganda yanatanuka. Nilizihesabu zikawa kumi na saba, moja ilikuwa imepasuka ubavuni pale mlimani. Nikamwambia mwanangu kesho akitoka kanisani aniokotee nyingine, yenye kifuniko.