Kwa nini faili la Januari linafunguka na la Februari linakataa

Tuchukue folda ya ofisini yenye mafaili ya malipo ya kila mwezi, na programu fupi, iliyoandikwa kwa lugha ya Python, inayoyasoma katika kompyuta ya Windows. Mwandishi ameandika "D:\malipo\januari.csv" na faili limefunguka. Mwezi unaofuata anabadilisha jina tu, anaandika "D:\malipo\februari.csv", na programu inagoma, ingawa faili lenyewe lipo na analiona kwa macho yake.

Tofauti iko katika herufi inayofuata bakslashi, yaani alama ya \. Kabla njia hiyo (anwani ya faili) haijaifikia Windows, Python huisoma kwanza, na kwake bakslashi ni ishara kwamba herufi inayofuata huenda ikawa na maana maalumu: \n ni mstari mpya, \f ni amri ya kale ya kuiambia printa ianze ukurasa mwingine, na \a ni ya kupiga kengele. Kwa kuwa \m na \j hazina maana yoyote, Python huziacha kama zilivyo. Ukiipitia miezi yote 12 kwa herufi ndogo, utakuta inayokwama ni Februari, Aprili, Agosti na Novemba. Kwangu mimi hili ni baya kuliko kosa la wazi, maana programu inaweza kupita majaribio yote ya Januari na kusubiri. Lugha nyingine za programu hutenda tofauti: Java hukataa \m papo hapo. JavaScript huimeza bakslashi kimyakimya. Python, kuanzia toleo la 3.12, hutoa onyo linaloonekana, na onyo hilo lisipuuzwe.

Mgongano huu una historia. MS-DOS ya mwaka 1981, mfumo uliotangulia Windows, haikuwa na folda ndani ya folda, na alama ya / ilikwisha kutumika kwa vibadilishi vya amri (nyongeza zinazobadilisha jinsi amri inavyofanya kazi), kama katika DIR /W. Folda zilipoingia katika toleo la 2.0 mwaka 1983, ikachukuliwa \ kuwa kitenganishi, wakati lugha ya C ilikuwa imeshaipa alama hiyo hiyo kazi nyingine.

Ujumbe wa kosa wenyewe hutoboa siri, ukiusoma taratibu. Kwa Novemba, Python huandika 'D:\\malipo\novemba.csv': bakslashi ya kwanza imeandikwa mara mbili kwa sababu ni bakslashi ya kweli, na iliyo mbele ya n imebaki moja kwa sababu hiyo si bakslashi tena, ni mstari mpya.

Ili kuepuka haya, unaweza kuandika \\ kila mahali, au kutanguliza r kabla ya alama za kunukuu ili Python isiipe bakslashi maana maalumu, lakini r"D:\malipo\" haikubaliki, kwani bakslashi ya mwisho huizuia alama ya kufunga isifunge. Mimi hupendelea Path("D:/malipo") / "februari.csv" kutoka maktaba ya pathlib, iliyokuja na Python 3.4, kwa kuwa msimbo huo huo hujenga njia ipasavyo katika Windows na Linux, ukiondoa herufi ya diski tu. Windows yenyewe huipokea / bila shida programu inapofungua faili. Mahali pa kujihadhari ni kwenye dirisha la amri, ambako baadhi ya amri za zamani bado huichukulia / kuwa mwanzo wa kibadilishi.