Uyoga, Paka na Kichuguu

Kati ya uyoga na paka, ni yupi anayetegemea kichuguu zaidi? Ninauliza nikiwa na viumbe wawili mahususi akilini: Termitomyces titanicus, uyoga wa Zambia na Katanga ambao kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja, na paka miguu-myeusi wa Afrika Kusini, Botswana na Namibia, ambaye hata dume lake ni nadra kuzidi kilo 2.5. Kama wangekuwa majirani, paka huyo angeweza kujikinga mvua chini ya uyoga huo mkia ukiwa mkavu.

Uyoga huu ni mazao ya kilimo kilichoanza kabla ya binadamu kuwapo. Mchwa hutafuna majani makavu na vijiti, kisha hujenga kwa mabaki hayo masega ambamo nyuzi za kuvu huenea na kulainisha ugumu wa mmea ambao matumbo yao peke yake yasingeuweza. Kuvu nayo hupata chakula, unyevu na joto lisilobadilika sana. Katika bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, yamepatikana masalia ya masega ya aina hiyo yenye umri wa takriban miaka milioni 25. Mvua zinapoanza, kuvu husukuma shina refu la uyoga kutoka segani hadi juu ya ardhi. Ndiyo maana anayeotesha uyoga wa mamama kwenye mabua hawezi kuotesha huu kwa njia hiyo hiyo: angelazimika kufuga mchwa kwanza.

Paka miguu-myeusi huwinda usiku, peke yake, panya na ndege wadogo, na mchana hulala katika mashimo ya kamendegere, mnyama mguguna arukaye kama kangaruu, au ndani ya vichuguu vilivyobaki maganda. Vichuguu hivyo, kwa kawaida, ni vya mchwa wala nyasi wa jenasi Trinervitermes, ambao hawalimi kuvu kabisa, hivyo uyoga wetu usingeota hapo hata mvua inyeshe namna gani.

Kwangu jibu ni wazi: uyoga hauwezi kuachana na mchwa walio hai, ilhali paka anahitaji tu nyumba waliyoihama. Hata hivyo, paka ndiye aliyeorodheshwa kimataifa, tangu 2002, miongoni mwa wanyama walio hatarini; tena kamendegere wakipungua, hupungukiwa na mashimo ya kulala.