Ninavyohesabu rola kosta, na jinsi pasi ya msimu ilivyonilipa

Nimechoka na ushauri wa "nenda paki yenye rola kosta nyingi", yaani bustani ya michezo yenye zile treni za burudani zinazopanda juu na kuporomoka kwa kasi. Mimi naishi Columbus, Ohio, na huku tumebahatika, kaskazini tuna paki ya Cedar Point, kusini tuna ya Kings Island, zote unaenda na kurudi siku hiyohiyo. Kazini kila mtu ananiambia nikate tiketi ya Jumamosi na juu yake ninunue ile ya kuruka foleni, ambayo siku nyingine inapita hata bei ya kiingilio! Nikachukua pasi ya msimu yenye paking humohumo, hela yake ukienda mara chache tu imesharudi.

Sasa kuhesabu. Sisi wapenzi wa rola kosta huwa tunahesabu tumeshapanda ngapi tofauti. Tunahesabu reli, sio mara ulizopanda. Millennium Force ya Cedar Point hata ukiipanda kutwa nzima ni moja. Ubishi uko kwenye zile pacha. Gemini ya Cedar Point, ya 1978, ina reli mbili, treni nyekundu na ya bluu zinashindana, hizo kwangu ni mbili na sibadilishi. Ila Racer ya paki ya Kennywood kule Pittsburgh, ya 1927, ni moja. Ukiitazama utaapa ni mbili, kumbe ni reli moja ndefu inayozunguka mara mbili, unaondokea upande huu wa stesheni unarudia upande ule. Nilimpeleka mtoto wa dada yangu makusudi, sikumwambia kitu. Tumekaa treni ya kushoto, anawazomea wa kulia kwamba tunawashinda, tunaingia stesheni kananishika mkono, "Mjomba, mbona tumetokea huku?" Nikanyamaza. Akaenda kusimama nje akawa anafuatisha reli kwa kidole, treni zinapita na yeye kakomaa hapohapo mpaka akalipata jibu mwenyewe. Nilifurahi jamani, hiyo peke yake ililipa safari.

Na iliyojengwa upya je? Mean Streak ya Cedar Point ilikuwa ya mbao, ya 1991, wakaivunja sehemu kubwa wakaweka reli ya chuma juu ya mbao, ikafunguliwa 2018 kwa jina la Steel Vengeance. Hiyo ni mpya, hesabu tena. Lakini Phoenix ya paki ya Knoebels ilijengwa San Antonio, Texas, 1947 ikahamishiwa Pennsylvania ikafunguliwa 1985, hiyo ni ileile, imehama mji tu.

Kuhusu thamani, mimi swali langu ni moja, kwa saa moja napanda ngapi? Steel Vengeance ni dakika mbili na nusu, ukisimama foleni masaa mawili kwa ajili yake siku imekwisha. Kwa hiyo pale Cedar Point geti likifunguliwa watu wanaganda kwenye za mbele, mimi napitiliza mpaka nyuma kabisa kwenye Steel Vengeance na Maverick. Mchana foleni zikinona nahamia Gemini na Magnum, zinameza watu haraka. Halafu kuna mvua. Mvua ikianza wanasimamisha, watu wanakimbilia magari yao wanaondoka, mimi nakaa chini ya paa nakula chipsi. Ikikatika wakishajaribu treni tupu wanafungua, na foleni hakuna! Siku moja tulikuwa tunashuka Millennium Force tunazunguka tunapanda tena, mita 94 juu, ziwa Erie lote liko chini yako, nguo bado zimelowa na mtu hasikii baridi.

Mwenye familia yenye waoga asidharau Knoebels, kuingia bure, kupaki bure, unalipia unachopanda tu, bibi akikaa kwenye benchi tu hamjapoteza hela ya tiketi yake.

Na ukienda Kings Island, The Beast ya 1979 usiipande mchana. Ni ya mbao, zaidi ya kilomita mbili, dakika nne na ushee ndani ya msitu. Subiri giza liingie, kaa siti za nyuma.